Maneno Ishirini na Saba kwa Mia

Ifahamike kwa wote, walio karibu na walio mbali, kwamba mnamo Februari mwaka wa 1999 mji wa Machakos ulitangazwa rasmi kuwa mji ambamo kila mwananchi atasikia. Tangazo lilisomwa na Bwana Jeremiah Wathome, Mratibu wa Idara ya Usikivu wa Umma, akiwa amesimama juu ya kreti la soda mbele ya jengo ambalo bado halikuwa na milango. Hakuwa na kipaza sauti, na lori la mchanga lilikuwa likimwaga mzigo kando yake, kwa hiyo waliohudhuria walimwelewa zaidi kwa mikono. Hilo halikuharibu kitu. Nakala za tangazo zilibandikwa siku hiyohiyo ukutani, upande wa ndani, kisha jengo likazibwa kwa mbao ili rangi ikauke.

Jengo lenyewe liliitwa Ukumbi wa Tusikizane. Urefu wake ulikuwa mita arobaini, upana ishirini na tano, na hakuna kitu kilichoingizwa humo kabla ya kuthibitishwa kuwa kinang'aa. Sakafu ilikuwa ya terazo, kuta za vioo na vigae, paa la mabati matupu. Mwisho wa ukumbi, juu ya jukwaa, palijengwa kuba la zege kama kibuyu kilichopasuliwa, maana Bwana Wathome aliona kwamba mtu wa cheo chake akikaa chini ya paa la kawaida wananchi watavunjika moyo. Chini ya kuba viliwekwa viti vitano vikubwa vyenye mito myekundu. Mbele ya viti, juu kabisa, zilining'inizwa spika nne za honi, zote zikiwaelekea wananchi, kila moja ikiwa na mdomo mpana kama sufuria ya harusi.

Kilichokosekana ni mtu wa kuthibitisha kwamba watu watasikia. Ndipo akaajiriwa Kavutha.

Kavutha alikuwa na shahada ya uhandisi wa majengo, jozi moja ya viatu vya ofisi, na imani kwamba mtu yeyote akielezwa jambo vizuri, atalifanya. Alipewa mkataba wa miezi mitano na cheo cha Mkadiriaji wa Kusikika wa Muda. Siku ya mahojiano Bwana Wathome alimtazama kwa muda mrefu juu ya miwani.

"Unasema unaweza kujua watu watasikia nini kabla ukumbi haujafunguliwa?"

"Ndiyo, mzee. Ninahesabu."

"Kabla mtu hajafungua mdomo?"

"Kabla hajafungua."

"Huko kwetu kuna watu wanafanya hiyo kazi," alisema Bwana Wathome akitafakari. "Lakini hao wanataka kuku mweusi. Wewe unataka nini?"

"Kalkuleta, mzee. Na ngazi."

Akapewa ngazi. Kalkuleta alikuwa nayo mwenyewe.

Kwa wiki tatu alipima ukumbi. Alipima kioo kwa kioo na bati kwa bati, akapima umbali kutoka kwenye kila spika hadi kwenye kila safu ya viti, akapiga makofi peke yake katikati ya sakafu na kusikiliza yanavyokufa. Pauline, karani wa Idara, alizoea kumletea chai na kukaa naye kwenye ngazi ya chini.

"Neno likitoka kwenye spika halifi," Kavutha alimweleza. "Linagonga kioo, linarudi. Linagonga sakafu, linapanda kwa mabati. Humu ndani neno moja linaishi karibu sekunde tano. Sasa mtu akisema la pili, la kwanza bado liko hewani. Akifika la kumi, yote yako pale juu yanasukumana."

"Kama foleni ya kitambulisho."

"Kama hiyo. Na ikifika kwa masikio yako inakuwa mngurumo tu. Unajua mtu anaongea. Hujui anasema nini."

Pauline alikunywa chai yake taratibu. Alikuwa amefanya kazi serikalini miaka kumi na minne. "Kumbe kuna hesabu yake," alisema.

Ripoti ya Kavutha ilikuwa na kurasa kumi na tisa. Ilisema kwamba katika kila maneno mia yatakayosemwa kwenye kipaza sauti, wa safu za mbele watayatambua sabini na manne. Wa katikati, arobaini na manane. Walioko nyuma, safu ya kumi na nane hadi ya ishirini na nne, watatambua maneno ishirini na saba, na hayo yatakuwa hasa yale wanayoyajua tayari. Ukurasa wa kumi na saba ulieleza kwamba mahali pabaya kuliko pote ni chini ya kuba, kwenye viti vikubwa, ambako spika zimewapa watu kisogo na mwangwi wa ukumbi mzima hukusanyika kama maji kwenye karai. Huko, maneno tisa kwa mia. Lakini ripoti za Idara zilisomwa hadi ukurasa wa pili, na hapakuwa na sababu ya hii kupendelewa.

Mwishoni Kavutha alishauri kwa upole: honi zishushwe, spika ndogondogo zipangwe ukutani karibu na watu, mapazia yawekwe kwenye vioo, na dari ya mbao laini ifungwe chini ya mabati.

Bwana Wathome aliipokea ripoti kwa mikono miwili, kisha akaunda kamati.

"Sayansi ni nzuri," alimwambia, "lakini haina sahihi. Kamati ina sahihi tisa."

Kamati ya Kuthibitisha Kusikika ilikutana ukumbini Jumatano moja asubuhi, wajumbe tisa na sahani ya mandazi. Kavutha alikuwa ameandaa orodha ya maneno mia moja yasiyohusiana, yasomwe moja moja kwenye kipaza sauti, na kila mjumbe aandike alichosikia. Bwana Wathome aliisoma orodha hiyo, na uso wake ukaingia huzuni.

"Shoka. Kijiko. Punda. Mvua. Kiraka." Akaishusha. "Msichana yangu, mimi nisimame hapa, Mratibu mzima, nianze kusema punda?"

"Ni ili wasiweze kubahatisha, mzee. Neno likiwa la kawaida katika hotuba, mtu analijaza mwenyewe."

"Basi hapo ndipo umekosea. Hapa hatutasema shoka. Hapa tutatoa hotuba. Tupime kile kitasemwa."

Hoja hiyo ilipitishwa bila kupingwa. Wajumbe wakaketi safu ya nyuma kabisa na kalamu zao. Bwana Wathome akapanda, akakohoa, na honi nne zikakohoa baada yake mara tatu. Kisha akaanza hotuba, na Kavutha, aliyesimama kando na saa yake, akasikia mngurumo ule ule aliokuwa ameutabiri, mzito, usio na mwanzo wala mwisho. Aliwahurumia wajumbe. Lakini wajumbe walikuwa wakiandika bila shida yoyote. Walikuwa watu waliosikiliza hotuba tangu darasa la kwanza. Waliandika kwamba ningependa kuchukua nafasi hii. Waliandika kwamba bila kupoteza wakati. Waliandika itifaki ikizingatiwa. Wawili wao walikuwa wameshafika kwenye kuwatakia wageni safari njema ilhali Bwana Wathome bado anasalimia meza kuu, na mmoja aliandika makofi.

Karatasi zilipokusanywa na kujumlishwa, ilionekana kwamba Kamati ilikuwa imesikia maneno mia moja na manne kwa kila mia.

"Mzee," alisema Kavutha, "mia na nne haiwezekani."

"Ndiyo sababu tunajivunia," alisema Bwana Wathome.

Cheti kikaandikwa, sahihi tisa, mhuri mmoja, na kikawekwa kwenye fremu pale mlangoni.

Kavutha alikuwa amekata tamaa, lakini kwa siku moja tu. Siku ya pili Bwana Wathome alimwita ofisini, akafunga mlango, akafungua ripoti ukurasa wa pili. Chini ya namba ishirini na saba alikuwa amepiga mstari mwekundu, mara mbili. Moyo wa Kavutha ulichangamka. Kumbe mzee alikuwa amesoma.

"Hii ishirini na saba. Ni safu gani hasa?"

"Kumi na nane kwenda nyuma, mzee. Hasa upande wa madirisha."

"Na mtu akisoma haraka?"

"Inashuka. Labda kumi na tisa."

"Kumi na tisa," alirudia Bwana Wathome, kama mtu anayeonja asali. "Na akiinama kwa karatasi?"

"Kumi na sita, mzee. Lakini tukiweka mapazia..."

"Mapazia yatakuja. Kila kitu na wakati wake. Hebu andika hapa: watu wa soko la mbuzi, safu ya kumi na nane mpaka mwisho, upande wa madirisha."

Kavutha akaandika. Alirudi kwenye meza yake akijiambia kwamba hatimaye amempata mkubwa anayependa takwimu, na kwamba bila shaka mzee anataka kujua ni nani waanze kupewa spika.

Soko la mbuzi lilipakana na ukumbi. Kila siku ya soko wafugaji walishuka na wanyama wao kutoka Mwala na hata Kivaa, na wafanyabiashara wa Kisomali wa mjini wakanunua. Kati ya soko na ukumbi hapakuwa na ukuta wala geti, na tangu vioo viwekwe mbuzi walikuwa wakija kujitazama.

Ni Pauline aliyemwonyesha tangazo. Alikuwa amelichapa asubuhi hiyo, na alilipitisha juu ya meza akiwa amelifunika kwa sahani ya chai.

Kwa mujibu wa Kanuni ya Saba, lilisema, ekari moja na robo inayotumiwa kama soko la mbuzi itatwaliwa na Idara kuwa maegesho ya magari kumi na mawili ya waheshimiwa, pamoja na kibanda cha vinywaji baridi kitakachoendeshwa na mke wa Mratibu. Kanuni zilitaka tangazo liwe kamili, na Bwana Wathome alikuwa mtu wa kanuni. Litasomwa hadharani siku ya ufunguzi. Waliohudhuria wataulizwa mara tatu kama wana pingamizi. Makofi yatahesabiwa kuwa ni kukubali, na soko litafungwa kesho yake.

"Lakini hawatasikia," alisema Kavutha.

"Mm," alisema Pauline.

"Wataulizwa kama wanapinga, na hawatajua wameulizwa. Watapiga makofi."

"Mimi ndiye huwa nainua faili ya kijani. Nikiinua, watu wanapiga. Hata mazishini walishapiga." Pauline alilirudisha tangazo chini ya sahani. "Mtu wa Mwala akifungiwa hapa, mbuzi wake ataenda wapi? Soko la Kithimani? Atafika akiwa ngozi."

Kavutha alikwenda kwa Bwana Wathome mara moja, kwa sababu aliamini palikuwa na kosa na kwamba mzee atashukuru kulijua.

"Mzee, wale watu umewaweka mahali hawatasikia."

"Watasikia. Kamati imesema mia na nne."

"Hesabu inasema ishirini na saba."

"Nazo zote mbili ni za Idara," alisema Bwana Wathome kwa upole mkubwa, "kwa hiyo hatuwezi kusema moja ni ya uongo. Moja tumeiweka kwenye fremu, nyingine tumeitumia kupanga viti. Wewe umefanya kazi nzuri, msichana yangu. Mkataba wako unaisha lini?"

"Mwisho wa Julai, mzee."

"Vizuri."

Usiku wote uliofuata Kavutha hakufikiria mkataba. Alifikiria mabati. Hakuweza kushusha honi, hakuwa na mapazia, na dari ingehitaji zabuni. Asubuhi alikaa mezani akahesabu upya, safari hii akiuliza ni kitu gani kinachomeza mwangwi ambacho Machakos kinapatikana kwa wingi na hakihitaji zabuni. Jibu lilipotoka alilitazama kwa muda. Kisha akaandika karatasi mbili zenye kichwa Nyongeza ya Kwanza: Hali ya Kusikika Ukumbi Ukijaa, akaziweka kwenye trei ya Bwana Wathome, na kwa kuwa Idara ilisisitiza kushirikisha washikadau, akavuka kwenda soko la mbuzi.

Alimkuta Kamanthe, mama wa makamo kutoka Mwala, ameketi juu ya mtungi wake wa plastiki karibu na bomba, mahali alipouzia kwa miaka ishirini na miwili. Mbele yake alisimama Farhia Hirad, ambaye soko zima lilimwita Mama Sucdi, akimkagua mbuzi meno.

"Huyu mbuzi amezeeka," alisema Mama Sucdi.

"Hata wewe. Na bado uko sokoni."

Kavutha akawasalimu, akawaeleza. Aliwaeleza habari ya tangazo na maswali matatu, kisha akaeleza habari ya mwangwi, na kwa kuwa alitaka waelewe vizuri alichora kwenye vumbi.

"Mkija watu mia moja, hamtasikia kitu. Mkija mia saba, mtasikia."

"Wewe dada," alisema Mama Sucdi, "watu wengi ni kelele. Hata mtoto anajua."

"Wakinyamaza, mama, ni kama godoro. Sauti ikiwafikia hairudi tena. Mtu mmoja aliyevaa koti ni sawa na kufungua dirisha la nusu mita."

Kamanthe alimtazama. "Kwa hivyo mimi ni dirisha."

"Nusu, mwaitu," alijibu Kavutha, kwa neno la Kikamba la kumheshimu mama.

"Nusu dirisha." Kamanthe akamgeukia Mama Sucdi. "Miaka hamsini na nane na hakuna mtu alikuwa ameniambia."

"Na blanketi?" aliuliza Mama Sucdi, ambaye alikuwa mfanyabiashara na hakupenda kuacha kitu kwenye mizani.

"Blanketi ni nzuri sana. Ile nzito."

"Gunia?"

"Gunia tupu, likining'inizwa kwa kioo, ni nzuri kabisa."

"Na mbuzi? Iko na manyoya."

Kavutha alilifikiria swali hilo kwa makini, maana hakuwa mtu wa kucheka swali. "Mbuzi angefaa. Lakini hatanyamaza."

"Pia atakula tangazo," alisema Kamanthe, "na hiyo ingekuwa sawa, lakini wanaweza chapa lingine."

Kavutha hakuwaambia wapinge wala wakubali. Aliwaambia tu hesabu: watu mia saba, nguo nzito, magunia, kimya. Wakija hivyo, safu ya ishirini itasikia maneno sabini na mawili kwa mia.

"Hiyo ni nambari ya serikali ama ni ya ukweli?" aliuliza Kamanthe.

"Ni yangu, mwaitu."

Kamanthe aliukunja uso, akaikubali.

Ufunguzi ulifanyika Jumamosi ya tatu ya Julai. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milima ya Iveti tangu alfajiri na baridi ilikuwa ya kuuma masikio, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuona watu wakiingia na makoti, mablanketi, shuka za kimasai, na mzee mmoja aliyejifunga godoro la mtoto. Mama Sucdi alimweleza bawabu kwamba magunia ni ya kuzuia upepo, wazee wana kifua. Bawabu naye alikuwa na kifua. Akamsaidia kuyatundika.

Bwana Wathome aliutazama umati huo na macho yake yakalengwa na machozi. Hakuwahi kujaza hata nusu ya ukumbi wowote. Nyongeza ya Kwanza ilikuwa bado kwenye trei, chini ya kalenda ya mbolea.

Saa nne akafika Mkurugenzi Mkuu kutoka Nairobi, Bwana Nzomo, mzee mfupi mwenye fimbo, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu na kwa sababu hiyo hakuogopa mtu. Akaketishwa kwenye kiti cha katikati, chini ya kuba. Bwana Wathome akapanda mimbari iliyokuwa mbele ya kuba, akavaa miwani ya kusomea, akaanza.

Chini ya kuba Bwana Nzomo alisikia kitu kama pikipiki ndani ya pipa. Akamwinamia jirani yake.

"Anasema nini?"

"Ee?" alisema jirani.

Alivumilia dakika kumi. Kisha akachukua fimbo yake, akashuka ngazi za pembeni, akatembea kando ya ukuta hadi akapata nafasi safu ya kumi na tisa, kati ya Kamanthe na mzee wa godoro. Kamanthe hakumjua. Aliona mtu mzima anatetemeka, akampa nusu ya blanketi.

"Hapa unasikia?" Bwana Nzomo alinong'ona.

"Nasikia hata akimeza mate. Nyamaza."

Kavutha alikuwa amesimama nyuma kabisa, mgongo wake kwenye gunia, akihesabu. Hakuwa amewahi kusikia kitu kizuri namna ile. Kila neno lilifika, likatua, likanyamaza. Sabini na mbili, alijiambia, labda sabini na tano.

Bwana Wathome alipofika kwenye Kanuni ya Saba aliinamia karatasi na kuongeza mwendo, kama alivyoelekezwa na sayansi. Akasoma ekari moja na robo. Akasoma magari kumi na mawili. Akasoma kibanda cha vinywaji baridi, na mke wa Mratibu, na kufungwa kesho yake. Kisha akainua kichwa.

"Kuna pingamizi?"

Alisubiri makofi. Pauline aliketi safu ya kwanza na faili la kijani magotini, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne lilibaki magotini. Ukumbi ulikuwa kimya. Bwana Wathome hakuwa amezoea kimya cha watu mia saba. Alikuwa amezoea kelele, ambayo humtuliza msemaji.

"Mara ya pili. Kuna pingamizi?"

"Iko," ilisema sauti kutoka safu ya kumi na tisa.

"Nani huyo?"

"Kamanthe wa Mwala." Alikuwa amesimama, nusu ya blanketi begani. "Tumesikia. Hiyo ya magari kumi na mbili tumesikia. Hiyo ya soda ya mama pia tumesikia. Tunakataa."

"Hata mimi nakataa," alisema Mama Sucdi kutoka upande wa madirisha. "Andika. Farhia Hirad. Usiandike makofi, andika jina."

Mzee wa godoro naye akasimama kwa taabu, kisha safu yake, kisha safu iliyofuata, na kwa kuwa kanuni zilitaka kila pingamizi liandikwe, Pauline akafungua faili la kijani, akatoa kalamu, akaanza kuandika majina.

"Mara ya tatu," alisema Bwana Wathome kwa sauti ndogo, kwa sababu kanuni ni kanuni.

Hapo alimwona Mkurugenzi Mkuu akija mbele katikati ya viti, blanketi likiburuzika nyuma yake, na akashukuru. Aliyajua mambo ya wakubwa: mdogo akikwama, mkubwa huja kuwakaripia wananchi. Akampisha mimbari, akarudi chini ya kuba, akaketi kwenye kiti cha katikati, akakunja mikono.

Bwana Nzomo hakuwa mtu wa hotuba. Alisema kwamba soko la mbuzi halitaguswa. Alisema amekaa kwenye kile kiti kikubwa na hakuambulia neno, na kwamba ukumbi ambao wananchi wanasikia kwa sababu wamejiletea mablanketi ni ukumbi wa wananchi, si wa Idara. Alisema kibanda cha soda akifikirie mwenyewe mwenye mke. Na kuhusu Bwana Wathome, alisema, amewatumikia watu wa Machakos kiasi cha kutosha. Kuanzia tarehe mosi Septemba atahamishiwa wilaya ya mbali kaskazini, akaanze upya.

Chini ya kuba ulifika mngurumo mnene, wa kupendeza. Bwana Wathome alisikia jina lake ndani yake, mara mbili. Aliona watu wakisimama, wakicheka, wakipunga mablanketi. Alianza kupiga makofi na alikuwa wa mwisho kuacha. Kisha, kama ratiba ilivyotaka, akapanda kutoa shukrani.

"Mheshimiwa Mkurugenzi ametuambia maneno ambayo sisi sote tulikuwa tunayangoja," alisema, na kila neno likafika hadi mlangoni. "Mimi binafsi nayakubali yote. Na ningeomba, kwa heshima, yatekelezwe hata kabla ya tarehe aliyoitaja. Kwa nini tungoje? Yaanze Jumatatu."

Ukumbi ukatulia kidogo. Bwana Nzomo alimtazama kwa heshima ambayo hakuwa nayo hapo awali, akatoa kidaftari mfukoni, akaandika Jumatatu.

Alasiri Bwana Wathome alimwita Kavutha ofisini. Alikuwa na furaha. Alimwagiza Pauline alete chai na akamtaka Kavutha akae, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nataka kuweka maneno ya Mkurugenzi kwenye kumbukumbu. Wewe uliyasikia vizuri?"

"Vizuri sana, mzee."

"Hebu nisomee."

Kavutha aliangalia kikombe chake. Hakupenda kumwumiza mtu, na kwa dakika nzima alitafuta namna nzuri ya kulipanga. Hakuipata. Kwa hiyo akamweleza, polepole, tangu soko hadi soda, tangu soda hadi kaskazini, na mwishowe Jumatatu.

Nje, mbuzi mmoja alilia.

"Nilipiga makofi?"

"Ulipiga, mzee."

"Sana?"

"Sana."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mtu aliyeishi serikalini muda mrefu hatupi matumaini yote mara moja. "Huko kaskazini," alisema, "wana ukumbi wa namna gani?"

Kavutha alikuwa tayari ameulizia, kwa nia njema. "Hawana ukumbi, mzee. Mikutano inafanywa uwanjani. Mchanga tu, na watu wanakaa chini. Idara imewapelekea spika mbili."

"Uwanjani." Kitu kama mwanga kilipita usoni mwake. "Hakuna kuta. Sauti inapotea tu, sivyo? Wa nyuma hawatasikia."

Kavutha alitoa kalkuleta yake. Alihesabu kwa makini, akarudia mara ya pili ili asimdanganye.

"Hapana, mzee. Kwa kuwa hakuna kuta, hakuna mwangwi. Neno linatoka, linamfikia mtu, linaenda zake. Ukisema polepole watasikia tisini na sita kwa mia."

"Na nikisoma haraka?"

"Tisini na tatu."

"Nikiinama?"

"Tisini na tatu, mzee."

Bwana Wathome aliitazama chai yake ikipoa. Kavutha alimhurumia kweli. Akatafuta katika hesabu zake zote kitu cha kumfariji, akakipata, na uso wake ukang'aa.

"Lakini kuna jambo jema," alisema. "Huko hata wewe utawasikia wao."